Kifungu cha Tisa

Kifungu cha tisa nilikiandika mimi,
kwa mkono huu, hina ya harusi ya mdogo wangu haijafutika,
ofisi ya bandari, Sur, kiyoyozi kikikohoa:
Ni marufuku mtu kuishi chomboni
zaidi ya siku tatu mfululizo
upande wa ndani wa boya la njano.
Cha nane ni urefu wa mnyororo wa nanga.
Cha kumi, maji ya choo.
Kuhusu choo hakuna aliyegombana nami.

Siku ya nne nikashuka gatini na karatasi,
muhuri haujakauka.
Boti ya faiba, mita saba, rangi ya maziwa yaliyoungua.
Mzee Sanad kafunga shuka kukinga jua,
mrehani kwenye kopo la samli,
ndara mbili mlangoni, zimepangwa,
utadhani bahari ni uani kwake na mgeni avue viatu.
Akasoma, kidole chini ya kila neno.
Kisha Kiswahili cha Wete,
alikokiacha pamoja na meno ya utoto,
chenyewe kisimwache:
"Mfululizo, umesema, Bi Raya?"
"Mfululizo, mzee."
"Haya."

Tangu hapo, ikigonga saa nne za usiku,
mashine inakohoa, nanga inapanda,
mkono juu ya mkono,
anavuka boya kwa urefu wa boti mbili,
anatupa nanga upya, huko
mawimbi ya matishali yanakompiga makofi hadi alfajiri.
Saa moja asubuhi yuko dirishani kwangu, amechana ndevu.

Chombo kimetoka wapi? Nje ya boya.
Kinakwenda wapi? Nje ya boya.
Shehena? Mrehani.
Muda wa kukaa? Mchana.

Riali mbili na baisa mia tano, kwa sarafu.
"Karibu Sur," nasema, ndivyo utaratibu ulivyo.
"Nimekaribia. Mji wenu mzuri."

Risiti sitini na moja.
Ya sitini na mbili Bwana Ghasib akaiona:
"Huyu anatuchezea! Sheria ina tundu, lizibe.
Futa boya. Andika bahari yote inayomulikwa na mnara.
Futa mfululizo. Na hilo neno kuishi,
lifafanue, lisimponyoke mtu."

Nikakaa nalo hadi chai ikapoa.
Kuishi, nikaandika,
ni ndara zako kujua zielekee wapi.
Ni kumwagilia usichokila.
Ni kulitukana jiko lako na kulipangusa.
Ni kuamka na kiu gizani
ukaufikia mtungi bila taa,
na mtu akauliza kutoka chumbani, ni wewe?

Kalamu nyekundu ikapita humo kama jembe.
Likabaki neno moja.
Kuishi: kulala.
Ikapigwa muhuri, kwa Kiarabu, Kiingereza na Kihindi.

Mzee akasoma, kidole chini ya kila neno;
safari hii hakikuwa na safari ndefu.
Akacheka hadi mrehani ukatikisika.
"Basi salama. Miaka sabini na sita, mwanangu,
nani analala?
Nafumba macho tu, nasikiliza kibofu."

Kitabu cha faini nilikuwa nacho mkobani.
Kikabaki mkobani.

Nakaa ng'ambo, Al-Aija, ghorofa ya pili,
mkataba wa mwaka, funguo mbili,
moja haijatumika siku nyingi.
Kitanda cha watu wawili.
Saa tisa za usiku kila ufa wa dari naujua kwa jina.
Kwa kifungu cha tisa, kama kilivyorekebishwa,
mimi hapa siishi tangu Rajabu,
na hakuna aliyeniletea karatasi.

Dirishani, pale boya lilipokuwa,
taa moja nyeupe inapanda, inashuka.
Mnyororo mita ishirini na tano.
Cha nane anakifuata vizuri.